Orodha ya Oda za Awali Hailipi Kodi ya Fremu

Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye duka la simu jijini Mwanza aliniandikia ujumbe ambao, kwa maneno yanayotofautiana kidogo, huwa naupokea kila simu mpya inapokaribia kuingia sokoni. "Shikamoo kaka," alianza, "nina watu zaidi ya mia mbili kwenye kundi langu la WhatsApp walioandika majina kwamba wanaitaka simu hii, na msambazaji ameniambia oda za awali duniani zimevunja rekodi. Nikikopa nikachukua mzigo mkubwa, nitakuwa nimekosea?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba asikope hata shilingi moja kwa sababu ya orodha hiyo, naye akaitikia kwa ubaridi ambao niliuelewa, kwa kuwa mtu aliyekwisha kupiga hesabu ya faida hapendi kuulizwa faida hiyo inatoka wapi. Ninaandika kwa kirefu kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine wote mnaotaka kukua katika biashara hii, kama nilivyotaka mimi.

Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi hahitaji kufundishwa jambo hili. Daftari la ahadi hujaa mapema, tena kwa majina makubwa, lakini mpishi na mwenye ukumbi hulipwa kwa fedha ambazo zimekwisha kupokelewa. Oda za awali za simu ni daftari la namna hiyo, na swali la kwanza la kuuliza juu ya tarakimu yoyote utakayosomewa ni hili: aliyeandika jina lake alitoa kiasi gani?

Chukueni mfano wa Huawei. Septemba 2024 kampuni hiyo ilifungua uandikishaji nchini China kwa ajili ya Mate XT, simu yenye mikunjo miwili ambayo ikifunguliwa inakuwa kama tableti. Katika siku chache idadi ya waliojiandikisha ilipita milioni tatu, na kabla simu haijaanza kuuzwa tarehe 20 ilikuwa imepita milioni tano. Kwa kulinganisha, kampuni ya utafiti ya IDC ilikadiria kwamba simu za kukunjwa zilizosafirishwa duniani kote, za chapa zote, katika robo ya pili ya mwaka huo zilikuwa milioni 3.9. Mtu akisoma hapo tu atadhani soko limepinduka. Lakini uandikishaji ule haukudai amana yoyote, na ulianza kabla bei haijatangazwa. Bei ilipotajwa tarehe 10 Septemba ilikuwa yuan 19,999, yaani zaidi ya dola 2,800 za Marekani. Mamilioni waliandika majina bila kutoa hata senti, kwa ajili ya kitu ambacho hawakujua kinauzwa kiasi gani! Siku ya mauzo ilipofika simu zilikuwa chache mno, wengi waliofika madukani wakaondoka mikono mitupu, na walanguzi wakawa wanataja bei zilizo juu sana ya ile ya dukani. Kwa hiyo orodha haikutuonyesha wangapi wangelipa, na mauzo ya siku ya kwanza hayakutuonyesha wangapi waliitaka, kwa sababu yalikomea pale mzigo ulipokomea.

Mfano ulionifunza zaidi ni wa Apple, kwa kuwa wao hawakuandikisha majina ya bure, bali waliuza kweli. Septemba 2014 walitangaza kwamba iPhone 6 na 6 Plus zilipata oda za awali zaidi ya milioni nne katika saa 24, na zaidi ya milioni kumi ziliuzwa mwishoni mwa juma la kwanza. Mwaka uliofuata, iPhone 6s na 6s Plus zilipita milioni kumi na tatu katika siku tatu, rekodi mpya, na wasambazaji wengi tuliowajua walitembea na tarakimu hiyo mdomoni. Kilichosahaulika ni kwamba mwaka 2014 China haikuwamo katika nchi za mwanzo, simu zilifika huko rasmi tarehe 17 Oktoba, ilhali mwaka 2015 ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Ongezeko lile lilikuwa na nchi nzima ndani yake. Kisha ikaja robo ya Januari hadi Machi 2016, na mauzo ya iPhone yakashuka kutoka milioni 61.2 za kipindi kama hicho mwaka uliotangulia hadi milioni 51.2. Lilikuwa anguko la kwanza tangu iPhone ianze kuuzwa mwaka 2007, nalo lilikuja miezi michache tu baada ya rekodi.

Septemba 2016, simu ya iPhone 7 ilipotoka, Apple wenyewe waliacha kutangaza mauzo ya siku za mwanzo, wakieleza kwamba mauzo hayo yanaamuliwa na wingi wa simu zilizopo na siyo na mahitaji ya wateja. Novemba 2018 wakaenda mbali zaidi na kusema kwamba hawatatoa tena idadi ya simu zinazouzwa katika kila robo ya mwaka. Sababu zao nyingine wanazijua wao, lakini maelezo yale ya 2016 ningependa yabandikwe ukutani katika kila ofisi ya msambazaji.

Nasema hivyo nikiwa na donge langu rohoni, na sitalificha. Miaka kadhaa iliyopita msambazaji mmoja, ambaye sitamtaja, alituita wenye maduka ya Kariakoo katika ukumbi wa hoteli jijini Dar es Salaam, akatulisha, akatuonyesha picha za simu mpya ukutani na tarakimu ya oda za awali iliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Wenzangu walianza kujaza fomu za mzigo kabla ya chakula kuondolewa mezani. Nilinyosha mkono nikauliza kati ya oda hizo ni ngapi zilizolipiwa, na ngapi ni za maduka kama yetu. Ukumbi ulicheka. Yule bwana alinijibu kwa upole wa kudhalilisha kwamba biashara inahitaji watu wenye imani, na mzee mmoja niliyemheshimu sana, mtu niliyekuwa namwamkia kila asubuhi nikifungua fremu, aliniinamia akaniambia nisiwaharibie watu siku yao.

Nilichukua mzigo mdogo, ule tu ambao wateja wangu walikuwa wameutolea kianzio, na nikabaki na mtaji wa kuzungusha simu za bei ya chini ambazo kila mtu alikuwa amezisusa. Simu ile ilienda vizuri majuma ya mwanzo, kisha ikadoda. Msambazaji aliposhusha bei ili amalize zilizobaki ghalani kwake, waliokuwa wamenunua kwa bei ya mwanzo walilazimika kuuza chini ya walichonunulia, wala hakuna aliyefidiwa. Fremu mbili za jirani zangu zilibadilisha wapangaji mwaka ule. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia kwamba swali langu lilikuwa na maana, na hadi leo kwenye hafla za namna ile jina langu halimo. Sasa nalipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na wanaonialika ni wasomaji wangu.

Swali langu la pili pale ukumbini lilikuwa na msingi ambao vijana wengi hawaujui. Tarakimu nyingi za oda hazihesabu wanunuzi, zinahesabu mizigo iliyoagizwa na kampuni za mitandao ya simu na wasambazaji. Mwanzoni mwa 2011 Samsung ililazimika kufafanua kwamba tableti za Galaxy Tab milioni mbili ilizokuwa imezitangaza zilikuwa zile zilizopelekwa kwa kampuni za mitandao ya simu na wauzaji, jambo ambalo halikueleza ni ngapi zilizokuwa zimefika mikononi mwa watumiaji. Ndugu msomaji, ukichukua simu hamsini kwa mali kauli, yaani uuze kwanza ulipe baadaye, wewe ni mauzo hamsini katika ripoti ya mtu, hata kama zote zimekaa kwenye kabati lako zikisubiri vumbi. Halafu yuleyule msambazaji anatumia hamsini zako kumshawishi jirani yako.

Tarakimu hizi hudanganya pia kwa upande wa pili. Septemba 2024 mchambuzi Ming-Chi Kuo alikadiria kwamba oda za mwishoni mwa juma la kwanza za iPhone 16 zilikuwa kama milioni 37, pungufu kwa asilimia 12.7 kuliko za iPhone 15 mwaka uliotangulia, na magazeti yakaanza kuomboleza. Robo ya Oktoba hadi Desemba ilipofungwa, mapato ya iPhone yalikuwa dola bilioni 69.1 kutoka bilioni 69.7, tofauti isiyofika asilimia moja. Mapato na idadi ya simu ni vipimo viwili tofauti, najua, lakini duka lililoogopa kwa sababu ya asilimia kumi na mbili lilikosa wateja wa Krismasi. Kwetu hali hii ni ya kawaida zaidi, kwa kuwa mteja wetu mkubwa haagizi mapema. Anasubiri mshahara, anasubiri bei ipungue, anamwangalia shemeji yake aliyeinunua kwanza, kisha anakuja akiwa na fedha taslimu bila jina lake kuwamo katika orodha ya mtu yeyote.

Basi fanyeni hivi. Mtu akisema anaitaka simu, mwombeni kianzio, hata kiwe kidogo, na mwandikieni risiti yenye bei na tarehe. Wale mia mbili wa WhatsApp watapungua siku hiyohiyo, na msihuzunike, kwa sababu hao waliopotea hawakuwapo. Wengine watakuwa wamejiandikisha kwenye maduka manne ili kuona nani ataipata kwanza. Chukueni mzigo unaolingana na vianzio na nyongeza kidogo tu, kisha subirini mwezi wa pili tangu simu itoke, maana siku za mwanzo hununua wenye kiherehere, na wale watakaokulisha huja baadaye. Msikope kwa ajili ya majina. Narudia, msikope kwa ajili ya majina.

Na kabla ya kusaini fomu yoyote ya mzigo, ulizeni kitu kimoja ambacho wasambazaji hawapendi kukizungumza: bei ikishushwa nikiwa bado na simu dukani, tofauti hiyo anaibeba nani? Akisema ataibeba yeye, iandikwe, iwe na mhuri, na itaje muda. Akisita, punguzeni idadi hapohapo mezani mbele yake.