Kabla Faili Lako Halijaingia Kwenye Mfumo, Uliza Nani Atalifungua

Mama yangu angefurahi kama kila daktari wa nchi hii angeweza kuliona faili lake. Ana sukari na presha. Ameshapita zahanati, kituo cha afya, hospitali ya mkoa na Muhimbili, na kila anapofika anaanza upya kueleza habari zake kama mtu ambaye hajawahi kutibiwa popote. Mimi mwanawe, ninayeishi naye na kumsindikiza kliniki, nina kurasa zangu ambazo sitaki hata mhudumu wa mapokezi azione. Niliwahi kutibiwa sonona. Nilipata nafuu, nafanya kazi yangu, na walioambiwa niliwachagua mwenyewe. Hapa pia naandika kwa hiari yangu. Hiari hiyo ndiyo ninayoipigania: habari za mwili wangu na akili yangu nizitoe mimi, zisitoke dirishani.

Vituo vingi vya serikali Tanzania bara sasa vinatumia GoTHoMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kutunza taarifa za wagonjwa, hospitali binafsi zina mifumo yao, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itazidi kutuingiza kwenye kompyuta. Ndugu na majirani wanaojua habari za Mama huniuliza: nikubali taarifa zangu ziwekwe humo, au nikatae? Nawajibu wakubali, lakini wasikubali kimyakimya.

Nianze na sababu ya kukubali. Usiku mmoja Mama alipoteza fahamu. Jirani alitupakia kwenye gari lake hadi hospitali ambayo hatukuwahi kutibiwa. Wakampima, sukari ilikuwa imeshuka vibaya, wakamwekea glukosi kwenye mshipa, akafumbua macho na kuuliza yuko wapi. Mimi nilishaanza kutafuta viatu vyake turudi nyumbani. Daktari, kijana mpole, akaniuliza, "Dada, Mama anatumia vidonge gani vya sukari?" Nikamtajia: glibenklamaidi. Akasema, "Basi leo analala hapa." Akanieleza kuwa dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee ambaye figo zake zimeanza kuchoka, na kwamba mgonjwa wa namna hii anaweza kuamka akaonekana mzima, akaruhusiwa, kisha sukari ikashuka tena alfajiri akiwa kitandani kwake na hakuna wa kumwangalia.

Daftari lake la kliniki lilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku la kanga. Kama angefikishwa na mtu mwingine, nani angelitaja jina lile la dawa? Mistari miwili kwenye kompyuta ingetosha: ana ugonjwa huu, anatumia dawa hizi. Sizungumzii hata vipimo vya figo tulivyolipia upya kila tulipopewa rufaa kwa sababu majibu ya kule hayakufika huku, wala madaftari yaliyolowa mvua hadi wino ukavuja. Kwa mgonjwa wa sukari, presha, pumu, kifafa, selimundu au moyo, na kwa mtu yeyote mwenye aleji ya dawa, taarifa zinazomtangulia hospitali zinaokoa maisha. Kwa hao sina la kubishana.

Lakini namfahamu dada mmoja anayeishi na VVU ambaye kliniki ya tiba na matunzo iko karibu na kwake, naye kwa hiari yake huenda kuchukua dawa wilaya nyingine. Analipa nauli, anaondoka gizani, anarudi mchana. Kwenye kliniki ya karibu kuna shemeji, kuna mama mwenye nyumba, kuna mtu anayesali naye. Mwambie dada huyu kwamba sasa mfumo ni mmoja na kila kituo kitaona kila kitu, na umemnyang'anya umbali aliokuwa akiununua kwa nauli. Wataalamu wakisema wagonjwa wanaogopa teknolojia kwa kuwa hawaielewi, mimi naona yeye anaielewa vizuri kuliko wao. Anajua ni nani atakuwa amekaa mbele ya ile kompyuta.

Wengi tunapofikiria taarifa kuvuja, tunamuwaza mdukuzi wa mbali. Wapo. Mwaka 2018 wadukuzi waliiba taarifa binafsi za wagonjwa milioni 1.5 wa SingHealth, kundi la hospitali na kliniki za umma huko Singapore, na kwa takriban 160,000 kati yao walichukua hata orodha ya dawa walizoandikiwa. Ila mwezi Januari 2019 nchi hiyohiyo ilitangaza habari nyingine: majina ya watu 14,200 wenye VVU yalikuwa yamewekwa hadharani mtandaoni, na aliyeyatoa alikuwa mwenzi wa daktari mwenye ruhusa ya kuifungua orodha. Hapo hapakuhitajika udukuzi wowote. Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo halali.

Kwetu mambo ni madogo kuliko hayo na yanauma vilevile. Kwenye kituo kimoja nilichokwenda kwa ajili ya malaria, mhudumu alisoma kioo chake kisha akaniuliza kwa sauti, watu wakiwa wamejaa kwenye mabenchi, "Dada, wewe si ndiye uliyekuwa unahudhuria kliniki ya afya ya akili?" Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuhakikisha ni mimi. Nilimaliza matibabu yangu, kisha nikamwomba mganga mfawidhi dakika chache nikamweleza nilivyojisikia. Alinisikiliza kwa heshima. Nilimwomba mambo mawili: wagonjwa wathibitishwe kwa tarehe ya kuzaliwa au namba ya simu badala ya ugonjwa, na kioo kile kilichoelekea foleni kigeuzwe. Kugeuza kioo hakuhitaji bajeti.

Kwa hiyo ukifika mapokezi, angalia kwanza kioo kimeelekea wapi. Mhudumu akikuuliza tatizo lako mbele za watu, una haki ya kusema, "Nitamweleza daktari." Sema kwa upole na usiongeze neno. Wengi wataandika tu kwamba unahitaji kumuona daktari na kukupa namba ya malipo.

Ukishaingia kwa daktari na mlango ukafungwa, usimfiche. Hapa nasisitiza kwa moyo wote, maana nimeona watu wakimuogopa karani hadi wakamdanganya tabibu. Mtu anayetumia dolutegravia, moja ya ARV, yaani dawa za VVU, akianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegravia mwilini, na kwa kawaida dozi huongezwa iwe mara mbili kwa siku. Aliyeficha ARV zake hataongezewa, na virusi vitarudi kupanda huku akimeza vidonge vyake kila siku bila kukosa. Mwambie daktari ukweli, kisha umuulize: hiki unachokiandika, nani mwingine atakiona? Mwenye duka la dawa? Karani wa bima? Vituo vingine? Daktari asiyejua jibu atajifunza kitu siku hiyo.

Swali hilo la nani anafungua ndilo ningependa wagonjwa wote tulishikilie. Faili la karatasi likichukuliwa masijala na kusomwa na mtu asiyehusika, halituachii alama. Kompyuta inaweza kutunza jina la kila aliyelifungua, siku na saa. Huko Estonia, ambako taarifa za wagonjwa zimekuwa kwenye mfumo wa kitaifa tangu 2008, mgonjwa huingia kwa kitambulisho chake, akasoma matibabu yake na kuona ni wahudumu gani wameyatazama. Akitaka, anaweza kuifunga sehemu isionekane na madaktari wengine. Kama mama yangu na mimi tungekuwa na mfumo kama huo, yeye angeacha kila kitu wazi na mimi ningefunga miaka yangu miwili mitatu, na kila mmoja wetu angetibiwa kwa amani. Watengenezaji wa mifumo yetu wakituuliza tunataka nini, ningewaomba hili kabla ya programu nzuri ya simu na kabla ya rangi za kuvutia.

Lakini alama hizo zina maana pale tu kila mtumishi anapoingia kwa neno lake mwenyewe la siri. Nimeona mahali ambapo neno la siri limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya kompyuta, na zamu nzima inalitumia. Kesho mtu akichungulia faili la shemeji yake, kumbukumbu zitaonyesha jina la mtu mmoja anayefanya kazi usiku na mchana bila kulala. Nawaelewa watumishi: foleni ndefu, mtandao unakatika, mfumo umeshuka tangu asubuhi, na kuingia upya kila mara kunawachelewesha. Bado naomba uongozi wa vituo usilifumbie macho.

Sheria iko upande wetu zaidi ya tunavyodhani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na inakupa haki ya kuomba kuona taarifa zako, kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa, na kulalamika kwa Tume. Majibu ya VVU yalilindwa mapema zaidi, na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008. Majirani zetu Kenya wana sheria yao ya 2019, na kabla yake walishaonyesha kuwa hata agizo la juu kabisa linaweza kupingwa. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za wanafunzi wanaoishi na VVU pamoja na za walezi wao. KELIN, shirika la Kenya linalotetea haki za afya, na wenzake wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kukusanya taarifa hizo kwa namna inayomwunganisha mtoto na hali yake kumevunja haki ya faragha na maslahi ya mtoto. Nia ya agizo inaweza kuwa ilikuwa kupeleka dawa. Mtoto ambaye jina lake liko kwenye orodha inayopita mikono ya watu wengi halindwi na nia.

Yako mengine ambayo hayahitaji mahakama. Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa kila unakokwenda. Fatuma Ally, Fatma Ali na Fatuma Ali wanaweza kuwa mtu mmoja mwenye mafaili matatu, au watu watatu waliochanganywa kwenye faili moja, na hilo la pili ndilo hatari zaidi: utapewa dawa ya ugonjwa usio wako. Omba usomewe tarehe yako ya kuzaliwa. Angalia namba ya simu iliyoandikishwa. Laini uliyoiacha muda mrefu inaweza kugawiwa mtu mwingine, na ujumbe wa kliniki ukaingia kwake. Kama simu mnatumia wawili nyumbani, waambie mapokezi wasitume majibu kwa ujumbe, uyafuate mwenyewe.

Na sisi ndugu tujiangalie. Majibu ya maabara ya Mama yaliwahi kuzungushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla yeye mwenyewe hajaelezwa maana yake, na simu za pole zikaanza kuingia. Aliumia, ingawa ndiye yuleyule anayetaka madaktari wote waone faili lake. Alikuwa akitofautisha mtu anayeweza kumtibu na mtu anayeweza kumsimulia. Siku hizi karatasi za majibu anazishika yeye, na mtoto anayetaka kujua anamuuliza yeye. Kwa upande wangu nimemwandikia kikaratasi cha dawa, dozi na aleji kinachokaa kwenye pochi yake nyuma ya kadi ya bima, kwa sababu mfumo unaweza kushuka usiku uleule tunaouhitaji.

Mwenye bima ya kazini naye aulize ofisini, kwa maandishi, ni taarifa gani mwajiri anapelekewa na kampuni ya bima: gharama tu, au na jina la ugonjwa? Mwajiri anayelipa mchango hana haja ya kujua unatibiwa nini.

Kwa wazazi nina ombi moja. Tangu sheria ya UKIMWI irekebishwe mwaka 2019, kijana wa kuanzia miaka 15 anaweza kupima VVU kwa ridhaa yake, bila mzazi kusaini. Lakini namba ya simu iliyoko kwenye faili lake mara nyingi ni ya baba au mama, iliyoandikwa siku alipopelekwa kwa surua au degedege. Nimemuuliza mpwa wangu angependa iandikwe ipi. Akataja ya dada yake mkubwa. Tulikwenda dirishani pamoja, mhudumu akabadilisha mbele yetu, na mimi nikakaa benchi wakati anaingia kwa daktari peke yake.