Dokta, mbwa wetu anaweza kuwa masikio ya mzee?

Swali: Jambo dokta. Niko hapa Goma, kartie Ndosho. Mzee wetu alianza kupoteza masikio zamani, sasa hasikii tena hata ukimpigia kelele pale pembeni. Ile tarehe 22 Mei 2021 volkano ilipotoka avenyu nzima inakimbia, yeye alikuwa ndani amelala, hakusikia kitu, mdogo wangu ndiye alirudi akavunja mlango wa chumba. Tangu siku ile mama analala jicho moja wazi. Tuko na mbwa dume, Polo, mwaka mmoja na nusu, wa kienyeji tu, mchana tunamfunga mnyororo, usiku tunamwachia alinde parseli, yaani kiwanja chetu. Niliona video mbwa anamgusa kiziwi anampeleka mpaka mlangoni. Naweza kumfundisha Polo hivyo mimi mwenyewe, ao ni lazima mbwa wa Wazungu? Shida ni kwamba mzee hamtaki karibu, na Polo anamfuata mama peke yake, mimi nikimwita ananiangalia kisha anageuka.

Jibu: Dada, ndiyo, inawezekana, na habari ya mbwa wa Wazungu toa kichwani. Uingereza wako na shirika la mbwa wa viziwi tangu 1982, na miaka ya mwanzo walikuwa wanachukua hata mbwa waliotupwa na wenyewe, wanawafundisha, wanafanya kazi vizuri tu. Marekani nako sheria yao ya 1990 haidai mbwa awe amepita shule yoyote, mwenye ulemavu anaweza kumfundisha mwenyewe, kinachoangaliwa ni kama mbwa anajua kazi fulani inayomsaidia yule mtu. Na usiende mbali, hapa Rumangabo walinzi wa mbuga ya Virunga walianza 2011 kufanya kazi na mbwa wanaofuata nyayo za majangili, yaani mbwa kufanya kazi ya akili ndani ya Kivu si hadithi. Wale ni aina maalum kwa sababu ya pua, lakini kazi ya masikio haichagui sana kabila. Mbwa yeyote mzima anasikia sauti nyembamba zaidi ya mara mbili ya pale mtu anaishia. Polo anasikia kila kitu kwenu, hata anajua pikipiki ya jirani na ya mgeni, ni vile tu hajawahi kuambiwa kwamba inamhusu mzee.

Ninachotaka usikie vizuri ni hiki, na watu wengi hawakipendi: Polo hawezi kuwa mlinzi wa parseli na masikio ya mzee usiku ule ule. Hebu fikiria tu, saa nane ya usiku watu wanapiga kelele, mbwa yuko nje karibu na mlango wa bati, mzee yuko ndani amefunga, atamgusa namna gani? Mbwa wa kumwamsha mzee analala chumbani kwa mzee. Kwa hiyo kaeni chini muamue mbele ya kitu kingine chochote, na kama parseli inaogopesha tafuteni mbwa wa pili ao mlipie sentineli, mlinzi wa usiku, na majirani. Najua kwetu mbwa ndani ya nyumba watu wanacheka, mama mmoja aliwahi kuniuliza kama nimeanza kula na Wazungu. Mwoshe, mpe gunia lake safi la kulalia pembeni ya kitanda, mtazoea.

Sasa tuje kwenye ile shida yako ya kwamba hakufuati. Mkono mtupu haulambwi, dada. Mama ndiye anampa chakula, ndiye anamfungulia mnyororo, sasa unataka akufuate weye juu ya nini? Hana dharau, anapiga hesabu. Na uzuri ni kwamba hesabu inageuka. Ila isigeuke kuja kwako, igeuke kwenda kwa mzee. Hapa ndipo kazi nyingi inafia: mtoto wa nyumbani anafundisha mbwa miezi sita, mbwa anampenda mtoto, siku mtoto akisafiri Bukavu mbwa anabaki hamjui mzee.

Kwa hiyo kuanzia sasa hakuna sahani kwa mama. Chakula chote cha Polo kinatoka mkononi mwa mzee. Siku za kwanza mzee akae kwenye kiti chake barazani, akiwa na bakuli ya bugali imekandwa na sambaza kidogo, wale samaki wadogo wa ziwa, anatupa tonge moja chini, kama metre mbili mbele yake, na anaangalia pembeni. Asimwite, asimkazie macho, asinyooshe mkono juu ya kichwa cha mbwa, mbwa aliyezoea kupigwa akiona mkono unakuja kutoka juu anajua ni kofi. Kesho metre moja na nusu. Siku fulani Polo atakula karibu na kiatu, kisha atanusa mkono, basi siku hiyo mzee ampe kwenye kiganja kilicho wazi. Inaweza kuchukua wiki moja, inaweza kuchukua wiki nne, usimkimbize. Na umuulize mzee kwa nini hamtaki, maana pengine aliumwa na mbwa zamani, pengine ni uchafu tu na viroboto, hiyo ya viroboto ina dawa. Kama mwishoni mzee anakataa kabisa, acha. Mbwa wa kulazimishiwa mtu hafanyi kazi, na ni mzee anaamua juu ya mwili wake, si sisi.

Mnyororo wa mchana nao upunguze. Mbwa anayefungwa siku nzima akifunguliwa ni kama watoto wakitoka shule, hasikii mtu. Matembezi ya nusu saa asubuhi na kamba, mbele ya jua kupanda na mbele ya pikipiki kuwa nyingi barabarani, mzee akiwa ndiye anashika kamba ikiwa miguu yake inakubali. Kwenye makoro muende polepole, yale mawe ya volkano yanachana nyayo za mbwa vibaya, kila mukirudi muangalie chini ya miguu yake.

Fimbo weka mbali. Nasema kwa aibu kidogo kwa sababu mbwa wangu wa kwanza, nikiwa ningali mwanafunzi, nilimfundisha kwa fimbo. Nikimwita akachelewa, akifika namchapa. Nilidhani namfundisha asichelewe. Yeye alijifunza kwamba kufika kwangu ndiko kuna fimbo, mpaka akawa anakuja anasimama hatua tatu mbali nami, mkia chini, hasogei tena, na hata nikiwa na nyama mkononi hasogei. Mbwa anaunganisha kitu na kile kilichokuja mara moja nyuma yake, sekunde moja ao mbili hivi, kile cha dakika tano zilizopita ameshasahau. Ndiyo maana malipo pia lazima yawe ya haraka.

Kwa malipo chukua sambaza wakavu, waoshe chumvi, wakaushe, uwakate vipande kama ukucha wa kidole kidogo. Tena chagua neno moja la kusema ile nukta anapofanya sawa, mimi natumia "vema!", fupi, sauti ile ile. Mzee yeye atumie ishara, dole gumba juu, na amri zote ziwe za mikono tangu siku ya kwanza, mbwa anasoma mikono kuliko maneno. Masomo yawe dakika tatu ao tano, mara tatu kwa siku. Wakati angali anataka kuendelea, ndio unafunga.

Somo la kwanza ni kugusa. Mzee anaweka kiganja wazi karibu na pua ya Polo. Polo atanusa, ni tabia yake. Pua ikigusa ngozi tu, weye unasema vema, mzee analipa. Rudieni mara kumi, pumzikeni. Akishaelewa, kiganja kinakaa juu ya goti, kisha unatoa kiganja goti linabaki, akigusa goti analipwa. Ninapenda pua kuliko mguu, kwa sababu ngozi ya wazee ni nyepesi na kucha za mbwa zinachuna. Mtaona siku moja mzee amekaa anawaza yake, anasikia kitu cha baridi na majimaji kwenye goti, anashtuka, anacheka. Siku hiyo wengi wanaanza kumpenda mbwa kweli. Na wakiangaliana tu vile kwa upole, musiwakatishe: watafiti wa Japani walionyesha 2015 kwamba mbwa na mwenyewe wakiangaliana sana, ile homoni ambayo mama anakuwa nayo akinyonyesha inapanda kwa wote wawili.

Somo la pili ndilo la sauti, na hapa lifundisheni kutokea mwisho. Kwanza Polo ajue kwamba mzee akifungua mikono yote miwili, kama mtu anauliza "iko wapi?", yeye anakimbia mlangoni na analipwa pale pale mlangoni. Hilo likiingia, mdogo wako atoke nje agonge bati kidogo sana, kwa kidole, si kwa kufuli kama wageni wanavyofanya. Polo atageuza masikio. Pale pale weye unamwonyesha goti la mzee, anagusa, mzee anafungua mikono, Polo anakwenda mlangoni, mzee anamfuata, analipa. Basi, hiyo ni duru moja. Fanyeni tano, mufunge. Polepole punguza kumwonyesha goti, mpaka sauti yenyewe imsukume. Kisha gongeni kwa nguvu zaidi, kisha mzee awe chumba kingine, kisha awe amelala kitandani kama kwa mchezo, kisha redio iwe inapiga. Akianza kukosea, umeongeza haraka, rudi nyuma hatua moja bila kumgombeza. Na kubweka usikulipe hata kidogo, mzee hasikii kubweka kwake.

Sauti ya hatari iwe tofauti kabisa, na hili watu wa video hawakuonyeshi. Mlango, simu, mtoto analia, mbwa anampeleka mtu pale sauti inatoka. Lakini kwa moto ao volkano hutaki ampeleke mzee kwenye hatari. Mbwa wa viziwi kule Uingereza wanafundishwa kwamba kwa sauti ya hatari wanamgusa mtu halafu wanalala chini, mtu akiona hivyo anajua ni kutoka nje. Kwetu hakuna zile alamu za moshi, kwa hiyo chagueni sauti yenu, mimi ningechukua sufuria kubwa na mwiko, mapigo matatu matatu. Mumfundishe kulala chini kwa ishara ya mkono kwanza, kisha muunganishe: sufuria, gusa, lala. Mjaribu usiku mara moja moja, na mzee awe amejulishwa mapema asipate mshtuko wa bure. Hata hivyo, siku ya hatari ya kweli mtu mmoja wa nyumbani abaki na kazi ya kwenda kumtoa mzee, mdogo wako ao mwingine, ijulikane ni nani. Mbwa anaweza kuogopa akajificha chini ya kitanda, na huyo anayejificha hajakosa kazi, ni mnyama.

Kuhusu milio ya bunduki ao radi, kama Polo anatetemeka usimburute nje ao kumzoesha kwa nguvu, mwachie kona yake, mzee akae karibu. Kuna mbwa woga wao haupungui, na hao kazi hii haiwafai. Hata kwenye shule kubwa za nje, mbwa wengi sana hawamalizi mafunzo na wanabaki mbwa wa nyumbani. Ukiona miezi mitatu imepita na hata kugusa goti bado ni vita, basi si yeye. Akienda vizuri, weka miezi sita mbele ya kumwamini kwa mlango na simu. Na tafadhali wale vijana wa avenyu wanaomwambia "kamata!" mtu akipita, wakomeshe leo, mbwa anayelipwa kwa kurukia watu hawezi kumpeleka mzee kwa mgeni kwa utulivu.

Nimeacha chanjo mwisho lakini iwe ya kwanza kwako, maana huyu mbwa atalala pumzi kwa pumzi na mzee. Kichaa cha mbwa, ile raje, dalili zikishatokea kwa mtu karibu hakuna anayepona, na karibu maambukizi yote ya watu yanatoka kwa mbwa. Kama Polo hajachanjwa, ama kadi yake imepitisha mwaka, achanjwe mbele ya mzee kuanza kumlisha kwa mkono. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, watoto wanawe mikono. Akimchuna mtu ao kumwuma hata kidogo, kidonda kioshwe na maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, musingoje kuona kama mbwa atakufa. Na kumhasi ningekushauri pia, dume anayenusa jike mtaa wa pili hasikii bati wala sufuria.

Kabla ya kumleta kwa chanjo fanya kitu kimoja nyumbani: simama nyuma yake bila akuone, kunja karatasi taratibu. Akigeuza masikio, tunaanza. Asipogeuka jaribu tena siku mbili tatu, na bado ikiwa hivyo njoo naye niangalie masikio ndani, mara nyingi ni kupe na uchafu tu na tunasafisha.