Ukitaka kusoma kumbukumbu za manusura wa Auschwitz

Wengi wetu tukishika kitabu cha manusura wa Maangamizi ya Wayahudi huwa tumeshaandaa leso. Nami nilijiandaa hivyo nilipoanza kusoma If This Is a Man cha Primo Levi, mkemia Myahudi wa Italia aliyepelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, Februari 1944, lakini machozi hayakuja. Kilichokuja ni uzito kifuani, na hasira isiyo na pa kwenda, tena hata nikiwa sokoni. Kwa hiyo usijipime kwa machozi. Levi mwenyewe halii. Anaeleza kambi kama shahidi aliyesimama kizimbani, na utulivu wake ndio unaochoma.

Takwimu zitapita. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa: unasoma, unatikisa kichwa, unafungua ukurasa. Kitakachokushika ni kitu kidogo. Mimi nilishikwa na nguo za watoto. Usiku wa mwisho katika kambi ya Fossoli, kaskazini mwa Italia, Wayahudi waliozuiliwa humo wameshaambiwa kesho ni safari ya kwenda Auschwitz. Akina mama wakakesha: wakapika vyakula vya njiani, wakaogesha watoto, wakafunga mizigo, wakafua. Kulipokucha, nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa juu ya seng'enge, zinapigwa na upepo. Katika behewa la Levi walipandishwa watu 45. Waliorudi kwao ni wanne.

Ukifika mahali kama hapo, funga kitabu. Marehemu hawatakulaumu. Soma mchana, sura moja moja, na usikifanye kitabu cha kulalia. Kisha mtafute mtu umsimulie, hata kama si msomaji. Dada yangu alinisikiliza huku akichambua mchele, mwisho akauliza, "Sasa huyo alipona vipi?"

Swali zuri kuliko yote niliyokuwa nayo. Alipona kwa bahati nyingi zilizofuatana, na Levi hachoki kulisema hilo. Ujuzi wake wa kemia ulimwingiza maabara, akaepuka baridi ya nje. Wajerumani walipowaswaga wafungwa kwa miguu Januari 1945, yeye alikuwa hoi kitandani, akaachwa. Halafu kuna Lorenzo Perrone, fundi mwashi kutoka Italia, si Myahudi, ambaye kwa miezi sita alimletea mkate na mabaki ya chakula chake kila siku, asitake malipo. Levi alikuja kuwapa watoto wake wote wawili majina yanayotokana na la fundi huyo.

Wapo wanaosoma vitabu hivi wakisaka ushindi wa moyo wa binadamu. Sikushauri. Levi anasisitiza kwamba wengi waliokuwa wema kuliko yeye hawakurudi, na ukikimbilia faraja utaruka kurasa hizo.

Na kama familia yako ilipitia mauaji, Rwanda, Burundi au kwingineko, huna deni la kumaliza kitabu hiki. Soma ukiwa na mtu karibu, au kiache kabisa.

Kwa aliyemaliza, kipo kitabu chake cha 1963, kuhusu safari ndefu ya kurudi kwao Turin, Italia, alikofika Oktoba 1945. Kile kina wachuuzi, walaghai, hata vicheko. Kipe wiki chache kabla ya kukifungua.