Maswali na majibu: sauti kwenye mashine pepe

Safari hii nimeweka pembeni maswali ya printa na simu. Ya sauti kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi kwa programu kama VirtualBox au QEMU, yamerundikana, na karibu yote yana kosa lile lile ninalolipigia kelele siku zote: mtu anahangaika kutafuta draiva, programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa, kabla hajajua mashine yake imepewa kadi gani.

Mtaalamu, sauti haitoki kwenye VirtualBox. Nifanyeje? (Mtwara mjini)

Niandikie upya, utaje mfumo wa nje (wa laptopu yenyewe), mfumo wa ndani (wa mashine pepe) na kadi ya sauti uliyochagua kwenye mipangilio. Bila hayo sina cha kukujibu. Nimeshawaomba wasomaji mara nyingi waache kutuma swali la mstari mmoja.

Shikamoo. Laptopu yangu ina Realtek. Nimeweka Windows 7 ndani ya VirtualBox, nikachukua draiva ya Realtek kwenye flashi ya fundi, imegoma. Naomba iliyo sahihi. (Masasi)

Marahaba. Draiva unayoitafuta huihitaji. Windows iliyo ndani haiioni kabisa Realtek yako, kadi halisi ya laptopu. Inachokiona ni kadi ya kuigiza iliyotengenezwa na VirtualBox kwa programu tupu, nayo ni moja kati ya tatu: Sound Blaster 16, ICH AC'97 au Intel HD Audio. Zima mashine ya ndani, ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua Intel HD Audio, washa. Windows 7 inayo draiva yake tayari. Ya AC'97 haikuja nayo, ndiyo maana anayeichagua huona alama ya njano ya kifaa kisicho na draiva. Mwenye Windows XP afanye kinyume: achague AC'97, kwa sababu HD Audio ilitoka mwaka 2004 na XP ilikuwa imeshaingia sokoni tangu 2001.

Na flashi hiyo mrudishie mwenyewe. Draiva inaingia hadi kwenye keneli, yaani moyo wa mfumo, na kilichoingia huko kinaweza kusoma na kubadili chochote kwenye mfumo. Kitu cha namna hiyo hakichukuliwi kwenye flashi iliyozunguka steshenari zote za mji.

Kaka, nipo mwaka wa mwisho chuoni hapa Mtwara. Nataka mradi wangu uwe kuandika draiva ya sauti ya mashine pepe. Wenzangu wananiambia ni kazi ya Wazungu wenye maabara. Nianzie wapi? (Mtwara)

Hao wenzako usiwasikilize. Hii ni kazi ya keneli isiyodai kifaa chochote cha kununua. Kadi yenyewe ni programu, na ukikosea, inayoanguka ni mashine ya ndani. Laptopu inabaki imesimama. Piga nakala ya hali ya mashine kabla ya kila jaribio, na ujumbe wa keneli uuelekeze kwenye faili la nje, ili mashine ikifa ubaki na maneno yake ya mwisho. Umeme ukikatika katikati ya kazi na betri imechoka, nakala hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Usianze na Windows. Anza na Linux na mfumo wake wa sauti, ALSA. Ndani ya msimbo wa keneli kuna draiva ya mfano iitwayo snd-dummy, kadi ambayo haitoi sauti popote. Isome mstari kwa mstari hadi uweze kuiandika upya bila kuchungulia. Kisha uhamie virtio-sound, ambayo haiigi kadi yoyote ya dukani: ilibuniwa kwa ajili ya mashine pepe tangu mwanzo. Upande wa ndani umo kwenye Linux tangu toleo la 5.13 la mwaka 2021, na QEMU iliongeza upande wa nje katika toleo la 8.2, mwishoni mwa 2023. Ina foleni nne tu: ya amri, ya matukio, ya sauti inayotoka na ya sauti inayoingia. Msimbo wake mtu mmoja anaumaliza kuusoma.

Sasa nikuambie panapoangusha wengi. Kusogeza data ni rahisi. Sauti ya stereo ya biti 16 kwa fremu 48,000 kwa sekunde (fremu moja ni kipimo kimoja cha sauti kwa kila upande) ni baiti 192,000 kila sekunde, na hata laptopu ya zamani inazibeba bila kutoka jasho. Ugumu uko kwenye muda. ALSA itakuwa inaiuliza draiva yako kila mara kupitia kitendakazi cha pointer: kadi imefika wapi kwenye bafa, yaani pale data ya sauti inaposubiri kuchezwa? Jibu lazima liwe la kweli. Wanafunzi huweka kipima muda ndani ya mashine, kila milisekunde 10 wanatangaza kwamba fremu 480 zimeshachezwa, basi. Nani kawaambia zimechezwa? Anayecheza ni kadi halisi ya nje, nayo inakwenda kwa saa yake. Chukua saa hizo mbili zitofautiane kwa sehemu 50 tu katika milioni. Hizo ni fremu 2.4 kila sekunde. Bafa ya milisekunde 20 ina fremu 960, kwa hiyo kabla ya dakika 7 imekauka au imefurika, na msikilizaji anasikia mkwaruzo. Ukijaribu kwa wimbo wa dakika 3 utadhani umemaliza kazi. Jaribu kwa saa nzima. Draiva isiyopimwa kwa saa nzima mimi siihesabu.

Jambo jingine: ALSA hukiita kitendakazi cha trigger, cha kuanzisha na kusimamisha sauti, ikiwa imeshika kufuli, kwa hiyo usiweke humo kitu chochote kinacholala kusubiri. Ukiweka, mashine itaganda siku ya kuwasilisha mbele ya msimamizi wako. Ukimaliza, niandikie uniambie saa nzima ilikwendaje.

Tumekodi seva ya Linux mtandaoni, programu yetu inakataa kuwaka kwa kuwa hakuna kadi ya sauti. (Lindi)

Pakia snd-dummy, au snd-aloop kama unataka programu nyingine iisikie sauti hiyo.

Bwana asifiwe mtumishi. Tunarekodi kwaya ya parokia kwa programu ya Windows iliyo ndani ya laptopu ya Linux. Sauti inakwaruza na mwimbaji anajisikia amechelewa. Tuongeze RAM? (Ndanda)

Amina. Fedha ya RAM itunzeni, haihusiani na tatizo hili.

Bafa ya sauti ni pipa la maji: Windows inajaza juu, spika zinachota chini, na pipa likikauka hata kidogo ndipo mnaposikia mkwaruzo. Prosesa ya mashine ya ndani, kwa Linux yenu, ni kazi moja tu kati ya nyingi zinazopanga foleni. Kivinjari kikipewa zamu ikachukua milisekunde 15, na bafa ina sauti ya milisekunde 10 tu, pipa limekauka. Mkikuza bafa mkwaruzo unapungua, lakini mwimbaji anazidi kujisikia amechelewa. Mbio hizo hamtazishinda mkiwa ndani ya mashine pepe.

Rekodini moja kwa moja kwenye Linux ya nje. Programu za bure za kurekodi zipo, na Ardour ni mojawapo. Faili zikishapatikana, ziingizeni kwenye Windows ya ndani mkazichanganye huko, kwa sababu kwenye kuchanganya ucheleweshaji hauumizi. Mkilazimika kubaki ndani, msiipe mashine viini vyote vya prosesa: laptopu ya viini vinne, ipeni viwili. Mfumo wa nje na wa ndani yote iwe kwenye fremu 48,000 kwa sekunde, fungeni kivinjari, na laptopu iwe kwenye chaja, kwani ikiwa kwenye betri hupunguza kasi ili kubana matumizi.

Kwaya ikishakusanyika na wazee wa besi wametoka vijijini, hamna nafasi ya kurudia kwa sababu ya ukaidi wa kifaa. Jaribuni kila kitu siku moja kabla.

Shule yetu ina programu ya mafunzo ya zamani ya DOS, inauliza namba za kadi ya sauti. (Nachingwea)

Chagua Sound Blaster 16, kisha jaza anwani 220, IRQ 5, DMA 1.

Maikrofoni haifanyi kazi ndani ya mashine ingawa spika zinalia. (Kilwa Masoko)

Kwenye VirtualBox, ruhusa ya kuingiza sauti iko mbali na ya kutoa, na kwa kawaida imezimwa. Iwashe unapoihitaji, kisha uizime. Mtu anaweka ndani ya mashine pepe programu asizoziamini, halafu anaziachia maikrofoni usiku kucha. Huo ni uzembe.

Jamaa kanitumia draiva ya kuongeza sauti kwenye Windows. Kasema nizime ukaguzi wa saini kwanza. Ni salama? (Mtwara)

Hapana. Kuanzia Windows 10 toleo la 1607, draiva mpya ya keneli hutakiwa kuwa na saini ya Microsoft. Anayeandika draiva yake mwenyewe ana haki ya kuwasha hali ya majaribio, ndani ya mashine pepe aliyoitenga kwa kazi hiyo. Wewe hujaandika chochote. Unaombwa ufungue mlango wa keneli kwenye laptopu unayofanyia miamala ya benki. Futa faili hilo, na huyo jamaa muulize amelitoa wapi.