Mwalimu Anajibu: "Fungu la walemavu haliji shuleni kwetu"

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina mtoto wa kiume wa miaka kumi, yuko darasa la nne hapa Korogwe. Tangu darasa la pili daftari analisogeza mpaka linakaribia kugusa pua. Ubaoni haoni kitu hata akikaa dawati la mbele. Ananakili kwa jirani yake, na jirani akikosea, naye anakosea vilevile. Mwaka jana nilimpeleka hospitali ya rufaa. Daktari akaandika "uoni hafifu, macho yote mawili", akaniambia miwani itasaidia kidogo tu. Barua nikaipeleka shuleni. Mwalimu mkuu akasema fungu la walemavu haliji shuleni kwao, nimhamishie shule ya wasioona. Mama mkwe wangu ndiyo hataki hata kusikia: mjukuu wake si kipofu na asiandikwe popote. Lakini redioni nasikia serikali inatoa fedha kwa ajili ya watoto hawa. Ni kweli? Ziko wapi?
Mama wa watoto watatu, Korogwe

JIBU: Marahaba, mama. Hapo pa jirani akikosea naye anakosea, nimeparudia mara mbili. Mwalimu akikutana na madaftari mawili yenye kosa moja katika mstari uleule, cha kwanza kumjia kichwani ni kwamba mmoja kaibia. Nimefundisha elimu maalumu miaka thelathini na moja, na sijaona watoto waliochapwa bure kama wa uoni hafifu. Asiyeona kabisa hushikwa mkono. Wako anatembea mwenyewe, anakimbiza mpira na wenzake, basi anaonekana mvivu.

Sasa tuje kwenye fedha. Mwalimu mkuu amekwambia nusu ya ukweli. Katika utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Humo, 4,000 hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni. Hesabu ni hiyohiyo kwa mtoto anayeona mpaka ng'ambo ya mto na kwa mtoto wako. Kwa hiyo ukimwuliza mkuu iko wapi bahasha yenye jina la mwanao, kweli hana.

Ila msaada wa serikali kwa watoto wenye ulemavu haupitii kwenye bahasha hiyo. Mwingi wake huja kama vitu: mashine za nukta nundu (maandishi ya wasioona, yanayosomwa kwa vidole), fimbo nyeupe, lenzi za kukuzia maandishi, shime sikio za kusaidia kusikia, vitabu vya maandishi makubwa. Wizara hununua kwa pamoja, vikashuka kupitia halmashauri. Kwenye shule maalumu, na kwenye vitengo vya elimu maalumu vyenye bweni vilivyo ndani ya shule za kawaida, kuna pia fedha za chakula. Na kuna msaada wa wakati wa mtihani, nitaufikia. Sasa jiulize, wizara inajuaje inunue lenzi ngapi na zipelekwe wapi? Inahesabu. Kila mwaka shule inajaza takwimu zake, na humo mna jedwali la wanafunzi kwa aina ya ulemavu: wasioona, uoni hafifu, viziwi, ulemavu wa viungo, wa akili, usonji, ualbino na kadhalika. Kama kwenye jedwali la shule yenu safu ya uoni hafifu ina sifuri, basi fungu litapita juu ya paa la shule hiyo mwaka hadi mwaka, na mwalimu mkuu ataendelea kusema haliji. Haliji kwa sababu hakuandika.

Na kuandika kwenyewe kuna namna yake. Kitengo kimoja nilichofundisha tulikuwa na watoto saba wenye matatizo ya macho. Wawili ndio waliokuwa hawaoni. Watano walikuwa kama wako, wanasoma maandishi makubwa bila shida. Mkuu wetu wa wakati huo, mtu mwema lakini wa haraka, akawaandika wote saba "wasioona". Zikaletwa mashine saba za nukta nundu. Tano zilikaa kabatini mpaka kutu ikaziingia kwenye vitufe, na wale watoto watano wakaendelea kulalia madaftari. Ukienda shuleni, usiondoke kwa kuambiwa "tumeshamwandika". Uliza ameandikwa safu ipi. Barua ya daktari imesema uoni hafifu, na maneno hayo mawili ndiyo yakae pale. Toa nakala, ile yenye mhuri ibaki kabatini kwako.

Mkuu akisuasua, nenda ofisi ya elimu ya halmashauri, uliza afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Huyo ndiye mwenye orodha ya wilaya nzima, ndiye anayejua mwalimu wa elimu maalumu aliye karibu nanyi, na ndiye wa kumwomba mtoto apimwe kielimu: maandishi ya ukubwa gani anayasoma, akiwa umbali gani, kwenye mwanga upi. Hospitali imepima jicho, haijapima usomaji. Nenda asubuhi, na usiende kugombana. Maafisa hawa wengi wana wilaya nzima na hawana hata pikipiki.

Kuhusu kumhamisha: mimi nisingemhamisha. Shule za wasioona, kama Irente pale Lushoto, zimelea watoto wengi na nazipenda. Lakini mtoto anayesoma maandishi yaliyokuzwa anaweza kubaki alipo na wenzake, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida kama watoto wengine. "Mhamishie kwingine" si jibu ambalo shule inaruhusiwa kulitoa kirahisi hivyo.

Kilicho na haraka ni mtihani. Yuko darasa la nne, ana upimaji wa kitaifa. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi yaliyokuzwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Lakini karatasi hiyo haichapwi asubuhi ya mtihani. Ni lazima hali yake ionyeshwe shule inapomsajili. Kesho mwulize mwalimu wa taaluma kama amesajiliwa hivyo. Kesho hiyohiyo, mama.

Kabla hivyo vyote havijafika, kuna mambo yasiyo na gharama. Akae mbele, dirisha liwe mgongoni kwake, siyo usoni. Aruhusiwe kuinuka na kusogelea ubao bila kuomba ruhusa kila mara. Mwalimu asome kwa sauti anachokiandika. Ubao ukishakuwa wa kijivu upakwe rangi, hapo watafaidika watoto wote arobaini. Nyumbani mchoree mistari ya daftari kwa kalamu nyeusi yenye ncha nene.

Bibi yake mwambie hivi: hakuna anayemwandika mjukuu wake usoni. Ni tarakimu moja kwenye jedwali. Kama bado anakataa, mpe lile daftari, kisha mwambie asome yaliyonakiliwa kwa jirani.

SWALI: Mwalimu, binti yangu anatumia kiti cha magurudumu, yupo kidato cha pili. Diwani alituambia kuna asilimia mbili ya halmashauri kwa ajili ya walemavu. Nimeomba imlipie binti nauli na kiti kipya, nikaambiwa sistahili. Je, nimeonewa?
Baba, Kilosa

JIBU: Hujaonewa, ndugu yangu, ila diwani amekuchanganya. Ile asilimia 2 imo ndani ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mkopo usio na riba, wa shughuli za kiuchumi, unarudishwa. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, labda ndiyo maana imezungumzwa sana. Mwanafunzi wa kidato cha pili hahusiki nayo.

Kiti, ombeni kupitia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, tena kwa barua, na nakala iende kwa kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji au mtaa wenu. Kamati hizo zimo kwenye sheria ile ile ya 2010. Nauli ni ngumu zaidi. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, hakikisha mratibu ameandika kwamba kuna mtoto mwenye ulemavu ndani ya nyumba, kwa sababu mpango unalitambua hilo katika kupanga ruzuku. Na kiti cha zamani usikitupe. Fundi wa baiskeli anaweza kubadilisha matairi na beringi wakati mnasubiri.