Kiraka changu kinaharibika njiani: nikitumeje kwa barua pepe?

SWALI

Shikamoo fundi. Niko Newala, nasaidia vyama viwili vya msingi vya korosho upande wa kompyuta za mizani. Tunatumia programu huria inayosoma uzito moja kwa moja kutoka kwenye mizani. Msimu uliopita niligundua kuwa mzigo ukifika kilo elfu, mizani inatuma 1,040 lakini programu inaandika 1. Nimerekebisha: nimeondoa mstari mmoja wa msimbo wa lugha ya C na kuweka mitatu. Mradi wenyewe unapokea marekebisho kwa barua pepe tu, basi nikafungua Gmail kwenye kivinjari, nikabandika matokeo ya git diff (Git ni programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo, na diff huorodhesha mistari iliyobadilika, ndicho kiraka chenyewe), nikatuma. Msimamizi akanijibu sentensi moja: kiraka kimeharibika, tuma upya kwa git send-email. Nimeirudia barua yangu mara tatu na sioni kasoro. Kimeharibika wapi? Na hiyo send-email inatumikaje? Natumia Ubuntu, na mtandao wa huku unaujua.

Msomaji, Newala

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza usikasirike na ile sentensi moja. Wasimamizi wa miradi hii husoma barua nyingi kwa siku na wakijibu hujibu kwa mkato. Mimi nililipokea jibu la namna hiyo nikiwa hapa Mtwara mjini, nikanuna siku mbili, halafu nikagundua kuwa aliyeniandikia alikuwa amenisaidia.

Huoni kasoro kwa sababu haionekani kwa macho. Kiraka kinasomwa na mashine, na kila mstari wake huanza na alama moja: nafasi kama mstari haujaguswa, alama ya kutoa kama umeondolewa, alama ya kujumlisha kama umeongezwa. Juu ya hapo kuna kichwa cha namna hii:

@@ -41,7 +41,9 @@

Maana yake: kuanzia mstari wa 41, faili la zamani lina mistari 7 kwenye kipande hiki na jipya lina 9. Kwa marekebisho yako hesabu inakaa sawa: mistari sita ya jirani haijaguswa, mmoja umetoka, mitatu imeingia. Git huhesabu kabla ya kukubali.

Gmail ya kwenye kivinjari hufanya mambo mawili bila kukuuliza. Hukata mstari ukifika karibu na herufi 78, na hugeuza herufi ya Tab kuwa nafasi za kawaida. (Kwa jina tu ungejua kuwa Tab ina tabu.) Mstari ukikatwa, kipande cha pili kinakosa alama ya mwanzo na hesabu inavurugika, na Git husema "corrupt patch". Tab zikigeuzwa, hesabu inabaki sawa, ila Git inatafuta mstari wenye Tab ndani ya msimbo na mkononi ina mstari wenye nafasi. Hiyo ndiyo "patch does not apply". Kubandika upya kwa uangalifu zaidi hakutasaidia, maana anayeharibu si wewe.

Wapo watakaokuambia barua pepe ni ushamba wa wazee. Programu ya patch, ya kubandika viraka, aliiandika Larry Wall mwaka 1985, hilo kweli ni la zamani. Lakini Git yenyewe Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya Linux, mradi ambao viraka vyake vilikuwa vikisafiri kwa barua, kwa hiyo zana za kugeuza komiti (badiliko lililohifadhiwa pamoja na maelezo yake) kuwa barua na barua kuwa komiti zimo ndani yake. Hadi leo Linux na Git vinapokea kazi kwa njia hii. Na kwa sisi wa kusini naona inatufaa kuliko kurasa nzito za tovuti za kupokelea msimbo: kazi yote unaifanya bila mtandao, unachotafuta ni dakika moja ya mawimbi kusukuma kilobaiti chache.

Sasa kazi. Kwenye Ubuntu send-email haiji pamoja na Git, ni kifurushi cha pembeni. Ukiambiwa kuwa send-email si amri ya git, ndicho kilichokosekana:

sudo apt install git-email

Kisha uiambie Git seva ya kutumia. Kwa mwenye Gmail:

git config --global sendemail.smtpServer smtp.gmail.com
git config --global sendemail.smtpServerPort 587
git config --global sendemail.smtpEncryption tls
git config --global sendemail.smtpUser ANWANI_YAKO

Namba 587 usiibadilishe kuwa 25 hata ukikuta maelezo ya zamani yanasema hivyo. Kampuni nyingi za mtandao huifunga 25 kuzuia barua taka, na utakaa unasubiri jibu lisilokuja.

Hapo kwenye nenosiri ndipo wengi hukwama. Nenosiri lako la kawaida la Gmail litakataliwa. Google waliacha kulipokea kwa programu za namna hii mwaka 2022. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako, washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu. Utapewa herufi 16, na hizo ndizo utakazoingiza send-email ikikuuliza. Ukikutana na kosa lenye namba 534 au 535, rudi hapa, tatizo ni hili. Herufi hizo usiziandike kwenye faili la mipangilio ya Git. Kompyuta ya chama inaguswa na karani, mlinzi na mtoto wa karani. Acha Git izikumbuke kwa saa moja tu:

git config --global credential.helper "cache --timeout=3600"

Sasa marekebisho yenyewe. Ulituma matokeo ya git diff, ambayo hayana jina lako wala maelezo ya kwa nini. Weka kazi yako kwenye tawi lake, yaani mkondo wa pembeni wa msimbo, tuseme linaitwa koma, fanya komiti moja yenye maelezo, halafu:

git format-patch -1 -o viraka

Utapata faili linaloanza na 0001 ndani ya folda ya viraka. Lifungue ulisome. Ni barua kamili: ina From, ina Subject yenye neno PATCH kwenye mabano ya mraba, mwili wake ni maelezo ya komiti, kisha deshi tatu, kisha tofauti zenyewe. Mstari wa kwanza wa komiti yako ndio unaokuwa kichwa cha barua, kwa hiyo uandike mfupi na useme kitu. "Nimerekebisha kosa" hakumwambii mtu lolote. Andika kwa lugha ya mradi, Kiingereza nadhani, na kisiwe Kiingereza cha mapambo. Mradi ukidai sahihi ya Signed-off-by, ongeza -s unapofanya komiti, usipodai, acha.

Kabla ya kumtumia msimamizi, jitumie mwenyewe. Hatua hii usiiruke.

git send-email --to=ANWANI_YAKO viraka/0001-*.patch

Barua ikifika, usiisome kwa macho tena, macho yalishakudanganya. Bonyeza vitone vitatu vya barua hiyo ndani ya Gmail, chagua kuonyesha barua asilia, pakua faili lake na ulipe jina barua.eml. Kisha rudi kwenye hali ya msimbo kabla ya komiti yako na uibandike barua kama atakavyofanya msimamizi:

git switch -c jaribio koma~1
git am ~/Downloads/barua.eml
git diff koma

Amri ya mwisho isipochapa chochote, barua imefika kama ilivyotoka, hadi nafasi ya mwisho. Ikichapa kitu, umegundua wewe kabla hajagundua mwingine. Hapo badilisha --to iwe anwani ya mradi na utume.

Makosa mawili niliyoyafanya mwenyewe nakupa bure. La kwanza, niliandika viraka/*.patch wakati folda ilikuwa na mafaili ya toleo la zamani pamoja na jipya. Zikaenda barua 14 badala ya 7, zimechanganyikana, na barua pepe haina namna ya kumwita aliyeondoka arudi. Tangu siku hiyo nafuta folda kabla ya kila toleo, na naongeza --dry-run kwanza nione orodha ya kinachotaka kwenda. La pili ni saa. Kompyuta yangu mpakato betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa. Umeme ukakatika, nikawasha bila mtandao, nikafanya komiti yenye tarehe ya miaka mingi nyuma. Huko ulipo umeme na mtandao huweza kupotea pamoja, basi andika date uone saa kabla ya kufanya komiti.

Umeuliza barua, lakini nimeyatazama na marekebisho yako yenyewe, na nina neno juu yake. Nadhani wenye mradi walitumia atoi, ambayo husoma tarakimu hadi ikutane na kitu kisicho tarakimu kisha husimama. Ndiyo maana gunia kumi na tatu za kilo themanini, yaani kilo 1,040, zinakuwa kilo moja. Mbele ya mkulima aliyesubiri foleni tangu alfajiri, hilo si kosa la kompyuta, ni wizi. Wewe umeifuta koma popote inapoonekana. Kwetu ni sahihi. Ujerumani na Ufaransa koma ndiyo alama ya desimali, na mizani ya huko ikiandika 1,040 inamaanisha kilo moja na gramu arobaini. Kiraka chako kikiingia kama kilivyo, duka la nyama la Berlin litauza tani. Mtu atakuuliza hilo, nakuhakikishia.

Ningekuwa wewe ningeifanya koma iwe chaguo kwenye mipangilio ya kila mizani, na hali ya kawaida ibaki kama ilivyo leo ili asiyekuwa na tatizo asiguswe. Unaweza kurekebisha sasa, au ukatuma na kusubiri kuulizwa. Vyovyote vile, siku utakapotuma toleo la pili, usifungue komiti mpya juu ya ile. Rudi kwenye tawi la koma, uibadilishe ileile:

git commit -a --amend
git format-patch -1 -v2 -o viraka

Kichwa cha barua kitaandika v2 chenyewe. Fungua faili, na chini ya zile deshi tatu, juu ya orodha ya mafaili yaliyobadilika, andika kwa ufupi ulichobadilisha tangu toleo la kwanza. Maneno ya hapo msimamizi anayasoma, lakini git am huyatupa, hayaingii kwenye historia ya mradi. Ni mahali pazuri pa kusema mambo ya leo tu, pamoja na kusema umejaribu kwa mizani ya aina gani. Toleo la pili litumwe kama jibu la barua ya kwanza au kama barua mpya? Miradi hutofautiana, soma maelekezo yao. Ukitakiwa kujibu, chukua Message-ID (kitambulisho) ya barua ya kwanza uiweke kwenye --in-reply-to.

Wakikuuliza maswali kwa barua, hapo unaweza kujibu kutoka Gmail, ila iwe kwa maandishi matupu, na jibu lako liwe chini ya sentensi unayoijibu, usiliweke juu ya barua yote. Ukimya wa wiki moja si dharau. Wiki ya pili ikianza, kumbusha kwa mistari miwili.

Na msimu? Minada yetu huanza Oktoba, na msimamizi aliye ng'ambo hajui Oktoba ya Newala ina nini. Usimsubiri. Lile faili la 0001 ulilolitengeneza halihitaji barua pepe kusafiri. Litie kwenye flashi, panda bodaboda hadi ofisi ya chama, na kama kompyuta yao ina msimbo wa programu hiyo kwenye Git, andika:

git am /media/flashi/0001-*.patch

Jina la folda ya flashi litatofautiana, litazame kwanza. Kisha jenga programu upya na uipime kwa mzigo wa kweli: gunia kumi na mbili, kilo 960, halafu la kumi na tatu juu yake. Kioo cha mizani na kompyuta visome namba moja mbele ya karani. Andika na jina la toleo hilo kwenye daftari la ofisi, maana mradi ukitoa toleo jipya lenye marekebisho yako, utaliondoa la kwako na kuweka lao, na karani atataka kujua kwa nini umegusa mizani tena.