Muulize Daktari: Mama ataka kuacha vidonge

SWALI: Asalam aleikum daktari. Mamangu ana miaka 63, tuko Lamu hapa Langoni, alikatwa titi kwa saratani sa kapewa letrozoli ameze kila siku miaka 5, ati yazuia kimeng'enya. Viungo vyamuuma hata ngazi hapandi, ataka kuacha. Na mbona shangazi wa Malindi, miaka 41, yeye kapewa tamoksifeni?

JIBU: Waleikum salam mwanangu. Asiache kwanza. Saratani yake ni ile yalishwa na estrojeni, homoni ya kike, na watu hudhani mwanamke akikoma hedhi estrojeni imekwisha, la, ovari zimelala lakini kwenye mafuta ya mwili, mpaka ndani ya uvimbe wenyewe, kuna kimeng'enya chaitwa aromatasi, chachukua homoni nyingine chazigeuza estrojeni, basi letrozoli yazima hilo jiko. Tamoksifeni haizimi jiko, yaziba mdomo wa seli isile. Shangazi ovari zake bado zapika, na letrozoli peke yake yaweza kuzisukuma zipike zaidi, ndo mana.

Hayo maumivu huwapata wengi. Atembee kila siku, hata ni pwanipwani njia ya Shela jua likipungua, na daktari wake aweza kumbadilishia anastrozoli au eksemestani, ni ndugu moja hizo lakini mwengine hii yamkataa ile yamkubali. Mimi hasa naogopea mifupa manake dawa hii huilegeza kimyakimya, hamjui mpaka avunjike nyonga. Aulizie kipimo cha mifupa, akienda kliniki mfuatane.